Elan Valley, Wales: nenda baada ya mvua
Ndugu, umeuliza kama mabwawa ya Elan Valley yanafaa kwa safari ya siku moja, na uende lini. Yanafaa sana, ila usisubiri jua kali kama watalii wengi. Nenda baada ya siku kadhaa za mvua kubwa. Hapo maziwa hufurika, maji yakaporomoka juu ya kuta za mawe kama pazia jeupe, na mngurumo wake unausikia kabla hujafika. Kiangazi kikiwa kikavu unaweza kukuta ukuta mtupu, ingawa hata huo ni mzuri.

Ukiwa na muda mchache, anza na Craig Goch, bwawa la juu kabisa kwenye mto Elan. Ukuta wake umepinda, na barabara inapita juu ya matao yake. Kwangu mimi hakuna la kulishinda. Claerwen, bwawa jingine la hapo lililofunguliwa 1952, ni kubwa zaidi lakini halina madaha hayo.

Maji ya mabwawa haya huenda Birmingham, zaidi ya kilomita 110, kwa mteremko tu, bila pampu! Mji wa karibu ni Rhayader. Vaa viatu visivyoteleza.