Kabla hujachanganya dawa, geuza jani

Januari moja kijana jirani yangu hapa Kinyerezi alikuja kwangu na chupa ya kupulizia mkononi. "Shikamoo mama. Bamia zangu zinajikunja. Nimepiga dawa mara tatu, wapi!" Alikuwa amesaga pilipili kichaa, vitunguu saumu na tangawizi, akatia na majivu. Nikamuuliza, "Marahaba mwanangu. Umegeuza jani?" Hakuwa amegeuza. Tukaenda, tukainama kwenye shina la kwanza. Chini ya jani walikuwa wamejaa vidukari, wale ambao wengi huwaita wadudu mafuta, wamebanana kama punje za ufuta. Jani lilinata vidoleni, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kufuata ule utamu. Upande wa juu, ambako dawa yake yote ilitua, hapakuwa na mdudu hata mmoja.

Nawaanzia hapo ninyi mnaoanza bustani za nyumbani, iwe matuta uani au mchicha kwenye viroba. Dawa nyingi za jikoni huua pale tu zinapomgusa mdudu. Haziingii ndani ya mmea, na zikishakauka nguvu imekwisha. Kwa hiyo elekeza mdomo wa chupa chini ya jani, lowanisha mpaka yadondoke matone, kisha rudia baada ya siku nne au tano, maana waliozaliwa jana hawakuwepo ulipopuliza.

Kwa vidukari, inzi weupe na utitiri mwekundu, mimi huanza na sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Sabuni huvunja utando unaomkinga mdudu, akakauka. Usiongeze kipimo kwa hasira. Mwaka wangu wa pili nilikoroga sabuni ya unga, nzito, nikapuliza miche ya pilipili hoho saa saba mchana. Jioni majani yalikuwa na madoa ya kahawia kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na nusu ya kitalu ikafa. Tangu siku ile dawa mpya naijaribu kwanza kwenye mche mmoja, nasubiri hadi kesho yake, na kazi ya kupuliza naifanya jioni jua likishalegea.

Viwavi ni habari nyingine, na hapo ndipo mwarobaini unapostahili heshima yake. Twanga gramu 50 za kokwa zilizokauka, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike jani, tumia siku hiyohiyo. Ukikosa mbegu, twanga kilo moja ya majani mabichi, uloweke katika lita tano. Wengi hukata tamaa kwa sababu asubuhi wanamkuta kiwavi bado yu hai. Mwarobaini hauui papo hapo. Humnyima hamu ya kula na humzuia kujivua ngozi ili akue. Mtazame siku ya tatu: kama majani hayaongezeki matundu, dawa inafanya kazi. Jua kali huiharibu haraka, na mvua huiosha, kwa hiyo wakati wa masika utapuliza mara nyingi zaidi.

Ukikuta mche umekatwa chini kama kwa wembe, usipulize chochote. Huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Fukua kwa kidole udongo unaozunguka shina mapema asubuhi, utamkuta amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Mtoe. Miche iliyobaki ivishe vipande vya chupa ya maji iliyokatwa pande zote mbili, ukivididimiza kidogo ardhini.

Nyanya zina kantangaze, kiwavi mdogo wa nondo, na hapa lazima niseme kweli: anayekula akiwa ndani ya jani, sabuni haimfikii. Chuma majani yenye michirizi myeupe mara unapoyaona, uyachome, usiyatupe kwenye mboji. Nyanya iliyopata rasta, majani yakajikunja na mmea ukadumaa, ing'oe. Ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe, havina tiba.

Tena, kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama. Maji ya tumbaku ni sumu kwa mtu, hata kupitia ngozi, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye nyanya. Utupa, mmea ambao wengine hutwanga majani yake kuwa dawa ya wadudu, huua samaki, usiukaribishe kwenye bwawa wala mfereji. Mafuta ya taa huunguza majani. Pilipili nayo, vaa glavu, simama upepo ukitokea nyuma yako.

Na kabla ya kupuliza lolote, angalia nani mwingine yupo. Yule mdudu mwekundu wa duara mwenye madoa meusi hula vidukari, na mwanawe, mweusi mwenye madoa ya machungwa, umbo kama mamba mdogo, hula zaidi. Nimeona watu wakimponda wakidhani ni kiwavi. Nikiwakuta watatu wanne kwenye tuta, naiweka chupa chini siku hiyo.

Matunda ya mwarobaini yakiiva njano na kuanguka, okota. Menya, osha, anika kivulini, na uhifadhi mbegu kwenye mfuko wa kitambaa. Kwenye nailoni huota ukungu, na zenye ukungu hazifai tena.