Nyanya zangu zimenigeuka!

SWALI: Dada habari, mimi niko Mbagala, nalima nyanya kwenye ndoo za rangi nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilinunua pakiti dukani zikazaa balaa, nikatoa mbegu nikapanda tena, sasa hivi zimetoka vituko, moja ndogo kama goroli nyingine imepasuka, nimekosea wapi?

JIBU: Pole mdogo wangu, hujakosea, cheki ile pakiti, kama imeandikwa F1 basi hiyo ni chotara (aina mbili zimechanganywa), kizazi cha pili kinatawanyika kila mche unafuata babu yake. Tafuta aina zisizo chotara kama Tanya au Tengeru 97, hizo mbegu unaweza kutunza mwenyewe.

Ila hao vituko usiwang'oe wote! Kama kuna mche umevumilia joto letu na mvua ya masika bila kunyauka, ufunge kitambaa chekundu, chagua matunda yaliyoiva kabisa, kamulia kwenye glasi na majimaji yake, acha siku 2 au 3 mpaka ianze kunuka (itanuka kweli, weka mbali na jiko), osha, anika kivulini kwenye sahani, sio gazeti zitaganda. Rudia hivyo misimu kadhaa utakuwa na nyanya yako ya Mbagala.

Nyanya inajichavusha yenyewe mara nyingi so hata ya jirani haichanganyiki nayo sana. Mchicha ndo kazi kutunza mbegu, upepo unabeba chavua, na maboga nyuki wanachanganya hovyo.