Kutu ndani ya tangi la choo

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Nakaa Raskazone, Tanga, na natumia maji ya kisima. Tangi la choo limekuwa jekundu ndani, na michirizi inashuka hadi kwenye bakuli. Nikimwaga jiki, doa linazidi kukolea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Jiki weka kando, kutu haiitaki, huzidi kuigandisha. Dawa yake ni siki nyeupe. Ila kwanza funga koki, flashi, suuza mpaka harufu ya jiki iishe kabisa, maana vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu. Mimina siki ifunike doa, ilale usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi ya plastiki. Palipobaki, rudia. Stilwaya usithubutu! Inakwaruza tangi na kuacha vinyuzi vya chuma, navyo vinaota kutu vyenyewe.

Sasa chungulia zile bolti zinazoshika tangi na bakuli. Nati ikiwa imevimba na kubanduka magamba mekundu, mchawi ndiye huyo. Weka za stenlesi, na raba mpya. Wauza vifaa watakupa za chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa, kataa.

Bolti zikiwa nzima, jaza maji ya kisima kwenye chupa nyeupe, yaache mpaka kesho. Yakitoka meupe kisha yakageuka mekundu, chuma kimo kisimani. Hapo yapitishe kwanza kwenye tangi la juu yatuame, na bomba la kutolea liwe juu kidogo ya kitako, tope lisishuke chooni.