Nyumba ya tofali mbichi Makete: anza na dari, kuta baadaye

Ndugu uliyeuliza kama ubandike maboksi ndani ya kuta za nyumba yako ya tofali mbichi huko Makete ili kupunguza baridi ya Juni na Julai, nakushauri uyaache hayo maboksi kwanza na utazame juu. Nami naishi kwenye nyumba ya udongo huku Njombe, na kilichoibadilisha ni dari.

Udongo hutunza joto, lakini haulizuii sana kupita. Ukuta mnene hupokea jua mchana na kulitoa polepole usiku, ilhali bati tupu, anga likiwa halina mawingu, hupoa hata kuliko hewa ya nje, na hewa ya moto iliyopanda huishia hapo. Ndiyo sababu alfajiri matone hudondoka kutoka kwenye bati hata kama mvua haikunyesha.

Mimi nilipanga mianzi juu ya boriti, nikatandika mikeka mikuukuu, kisha nikalaza mabua ya ngano yaliyochovywa katika uji mwepesi wa udongo, unene wa kama sentimita 15. Uji uyapake mabua tu, kwa kuwa kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati yake. Udongo ukizidi, utakuwa umeongeza uzito bila faida (na boriti za msindano zina kikomo chake). Fanya kazi hiyo kiangazi ikauke kabisa, na uache matundu ya hewa kati ya dari na bati ili unyevu utoke.

Maboksi ya ndani yataukata ukuta usipokee joto la chumba, na nyuma yake patakaa unyevu na ukungu. Ukitaka kuukinga ukuta, ukinge kwa nje, tena kwa lipu ya udongo au chokaa, kwani ya saruji hupasuka, maji yakaingia na kukwama ndani.

Ukishaziba nyufa za milango na madirisha, usilale na jiko la mkaa chumbani: kaboni monoksidi, gesi itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, nayo huua. Jenga jiko la tofali lenye dohani, liegemee ukuta wa katikati ili ukuta huo ubaki na uvuguvugu usiku. Dohani inapopenya dari, izungushie tofali na udongo mtupu, mabua yakae mbali nayo.