Jibu: Soksi ya jenaka haishuki upepo ukikaza

Salaam mkuu. Nimekuelewa: unatoka Pemba kwenda Kilifi, kusi iko nyuma, inakaza, unavuta soksi (mfuko mrefu wa kitambaa unaoshushwa kuifunika jenaka, lile tanga jepesi la mbele) na haishuki.

Usishindane na tanga lililojaa. Mshika sukani afuate upepo mpaka tanga kubwa liikinge jenaka na upepo, kisha legeza kabisa demani ya jenaka, yaani kamba inayoshika pembe yake ya chini, hadi jenaka ipigepige kama bendera. Hapo ndipo uvute soksi, kamba ikipita kwenye kapi lililofungwa kwenye sitaha. Ukivuta kwa mikono mitupu, mpigo mmoja wa upepo unaweza kukunyanyua. Henza, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, usiiguse kabla soksi haijafika chini. Tanga likiingia majini, chombo kitalipanda.

Bado inagoma? Angalia juu kama kamba ya soksi imejisokota na tanga. Kwangu mara nyingi huwa ni hilo, na linaonekana mapema ukikagua ukiwa bado nangani.

Mpo wangapi chomboni?