Ofa iko mkononi, Sekretarieti bado kimya: nisaini au nisubiri?

SWALI

Shikamoo dada. Nina miaka 27, nimesomea ununuzi na ugavi. Kwa sasa natunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nalipwa kwa mwezi, huu mwaka wa pili. Mwezi uliopita nilifanya usaili wa ana kwa ana wa Sekretarieti ya Ajira, nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II, na naona nilijibu vizuri. Matokeo bado. Jumanne hii tarehe 11, kampuni binafsi ya kusafirisha mizigo ya Dar imenitumia barua ya ofa, mshahara 1,200,000. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa jioni na nianze tarehe mosi. Nyumbani wote wanasema nisubiri ya serikali. Nikisaini halafu nikaitwa kazini serikalini, hawa wa Dar watanishtaki? Niwaambie ukweli au ninyamaze? Na je, kuna namna ya kuwaharakisha Sekretarieti?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera.

Nianze na la mwisho maana ni jepesi: hakuna. Ingekuwa unasubiri kampuni nyingine binafsi ningekwambia waandikie leo hii, mistari mitatu tu, kwamba umepata ofa inayotaka jibu Ijumaa, kwao ndiko unakopenda zaidi, na je, wanaweza kukupa mwelekeo kabla ya siku hiyo. Mimi mwenyewe, nikiwa ofisi ya rasilimali watu, nimewahi kuvuta kikao cha uamuzi kutoka wiki ijayo hadi kesho yake kwa sababu ya barua pepe ya namna hiyo. Mwajiri binafsi anayekutaka ana uwezo wa kuharakisha. Sekretarieti hawana mlango huo. Wanasaili watu wengi kwa niaba ya taasisi nyingi, na majina hutoka kwa tangazo la kuitwa kazini, wote kwa pamoja. Unaweza kuitwa wiki ijayo, unaweza kuitwa baada ya miezi. Unaweza pia kufaulu, nafasi zikajaa, jina lako likawekwa kwenye kanzidata hadi mwajiri mwingine wa umma atakapohitaji mtu wa kada yako. Kazi yako ni kuingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, na kuhakikisha namba ya simu uliyoandika ndiyo unayotumia. Akitokea mtu akakwambia "nina mtu ndani, tuma kidogo jina lisogee", huyo ni tapeli. Hiki kipindi chako cha roho juu ndicho wanachokitafuta.

Sasa hii ofa. Iweke mezani peke yake na ujiulize: ningekuwa sijawahi kuomba serikalini, ningeichukua? Vijana wengi huipima ofa waliyonayo kwa kuilinganisha na barua ambayo haijaandikwa, na barua ambayo haijaandikwa haina kasoro hata moja.

Kalamu na karatasi. Tuchukulie hiyo 1,200,000 ni mshahara wa msingi kabla ya makato (waulize, maana wengine huandika jumla pamoja na posho). Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, sehemu yako ya asilimia 10, ni 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi ya mapato, na kwa viwango tunavyotumia unalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja, yaani 24,000. Kodi jumla 152,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 180,000. Kinachoingia mfukoni ni 748,000. Hiyo ndiyo namba ya kuiweka mbele ya wazazi, na ndiyo ya kulinganisha na unachobaki nacho sasa Morogoro ambako pengine unalala nyumbani bure.

Halafu chumba. Wenye nyumba wengi Dar wanataka kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mpigo, na ukiondoka baada ya wiki tano harudishi mtu. Nakushauri miezi miwili ya kwanza ujishikize kwa ndugu hata kama ni Mbagala na kazi iko Ubungo. Usiniambie utakuwa unapanda treni ya SGR kila siku. Nauli ya daraja la kawaida Morogoro na Dar ilipoanza 2024 ilikuwa 13,000 kwenda tu. Piga mara mbili, piga kwa siku 22 za kazi: 572,000. Utakuwa umeajiriwa na reli.

Ukishapiga hesabu na jibu likawa "hapana, hata bila ya serikali nisingeenda", basi kataa Ijumaa kwa adabu na mambo yaishe. Likiwa "ndiyo", endelea kusoma. Likiwa "sijui", omba siku chache. Siku tatu hadi tano za kazi ni ombi la kawaida kabisa, hakuna anayefuta ofa kwa kuombwa mpaka Jumatano. Ukiomba wiki tatu, mwajiri ataelewa kwamba yeye ni tairi la akiba.

Lakini wewe una kitu ambacho swali lako limekipita haraka. Umeajiriwa, unalipwa kwa mwezi. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtu wa aina yako anamdai na anadaiwa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Hiyo tarehe mosi waliyokupangia huwezi kuifikia bila kumtoroka bosi wako wa sasa. Watu wote mnapigania tarehe ya kujibu wakati muda wenyewe umelala kwenye tarehe ya kuanza. Ukikubali Ijumaa tarehe 14 na siku hiyohiyo ukampa bosi wako notisi, siku 28 zinaishia Ijumaa tarehe 12 ya mwezi ujao. Unaripoti Dar Jumatatu tarehe 15. Umepata mwezi mzima wa kusubiri Sekretarieti, hukumdanganya mtu na hukuomba hisani ya mtu.

Andika hivi, au unavyozungumza wewe:

"Nashukuru kwa barua ya ofa ya tarehe 11, nimeisoma na ningependa kuichukua nafasi hii. Mwajiri wangu wa sasa ananidai notisi ya siku 28, hivyo naomba tarehe ya kuripoti iwe Jumatatu tarehe 15 mwezi ujao badala ya tarehe mosi. Naomba pia kuuona mkataba kamili kabla sijasaini barua ya kukubali."

Sentensi ya mwisho usiiondoe. Barua ya ofa huwa ukurasa mmoja au miwili. Meno yenyewe yamo kwenye mkataba. Na bosi wa duka usimpe notisi kwa ahadi ya simu. Subiri hadi uwe na karatasi yenye saini yao na tarehe mpya. Nimewahi kupokea simu ya kijana aliyeacha kazi Tanga kwa sababu meneja wetu alimwambia kwa mdomo "jiandae". Bajeti ya ile nafasi ilikatwa wiki iliyofuata. Sikuwa na la kumwambia.

Kuhusu kushtakiwa. Kuacha kazi kwa notisi si kosa, ni haki yako kama ilivyo yao. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira sheria inataka notisi isiyopungua siku 7. Ukishauvuka mwezi, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, alimradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Kwa hiyo tafuta kifungu cha kusitisha mkataba uone kama kimeandika siku 28 au miezi mitatu. Ukiondoka bila kuitumikia notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye stahiki zako za mwisho kiasi ambacho ungelipwa katika siku hizo. Hiyo ndiyo bei, na kwa miaka yangu kwenye rasilimali watu sijaona kampuni ikimfuata mtu wa ngazi yako mahakamani kwa zaidi ya hapo. Kitakachokuumiza ni kifungu cha mafunzo: "mwajiriwa atarejesha gharama za mafunzo akiondoka kabla ya miaka miwili". Kampuni za mizigo hupeleka watu kozi za forodha na mifumo ya kompyuta. Kama kifungu hicho kipo, uliza kozi gani, kiasi gani, na kama deni linapungua kadiri unavyokaa.

Kwa hiyo ukiitwa na serikali, inategemea umeitwa lini. Kabla hujaripoti Dar: piga simu siku hiyohiyo, si kesho yake, halafu andika. Wataudhika, lakini aliyekuwa wa pili kwenye usaili wao pengine bado anapatikana. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza: siku 7. Baada ya hapo kuna mgongano, kwa sababu barua ya kupangiwa kituo cha kazi inakuja na muda wake wa kuripoti, ukiwa na vyeti halisi kuanzia cha kidato cha nne, na muda huo haukungojei umalize siku 28. Hapo unakaa na mkuu wako, unamwonyesha barua, unaomba akuachie mapema au ukubali makato. Wengi huachia. Hakuna meneja anayependa kukaa wiki nne na mtu ambaye roho yake iko Dodoma.

Kusema ukweli au kunyamaza? Hudaiwi kuwatajia kila mlango uliobisha. Wahitimu wengi wa kada yako wana maombi kwenye Ajira Portal na sisi wa rasilimali watu tunalijua hilo. Ila ukiulizwa uso kwa uso, "una mchakato mwingine unaoendelea?", jibu ndiyo, ulifanya usaili wa serikali kabla ya wao kukuita na majibu hayajatoka. Usiseme serikali imeshakuchukua ili wakuongezee dau. Na usimuue bibi ili upate udhuru. Sijui kwa nini bibi zenu huugua sana msimu wa ofa. Nimeandikiwa bibi mmoja kalazwa mara mbili na wajukuu wawili tofauti wasiojuana, nadhani walinakili ujumbe kwa rafiki mmoja.

Nitakwambia kinachotuuma sisi tulio upande wa pili. Kuna mwaka tulimwajiri binti mmoja wa hesabu. Alisaini Alhamisi. Jumatatu saa mbili asubuhi meza yake ilikuwa tayari, kompyuta ina karatasi yenye jina lake, kitambulisho kimeshachapishwa. Saa nne namba yake haipatikani. Saa nane mchana tukaanza kuwaza ajali, nikampigia mdhamini wake, mwalimu wake wa chuo, naye akashtuka akaanza kumtafuta. Kumbe alikuwa ameripoti benki. Sikumchukia kwa kwenda benki, hata mimi ningeenda. Ila yule mwalimu hakukubali tena kuandikwa mdhamini wake; aliniambia mwenyewe.

Na wazee wa nyumbani. Wana sababu zao, wameona watu wa kampuni wakirudi na mabegi na watu wa serikali wakistaafu na pensheni. Usibishane nao juu ya serikali na binafsi. Waambie tu kwamba kwenda Dar hakufuti jina lako kule. Usaili uliofanya unabaki ulivyo, uwe stoo Morogoro au ofisini Dar. Tofauti ni kwamba ukisubiri Dar, unasubiri ukiwa na kazi ya ugavi uliyoisomea, na jina likitoka utakuwa umeshashika nyaraka za bandarini kwa mikono yako.

Barua pepe itume Alhamisi asubuhi, usingoje Ijumaa saa kumi na moja. Wakikataa kabisa kusogeza tarehe mosi, niandikie kabla hujasaini, maana kampuni inayokutaka umtoroke mwajiri wako wa sasa, mkataba wake tuusome wawili.