Jibu: B17 au Team Pro kwa safari ndefu?

Mkuu, umeuliza uchukue siti ipi ya ngozi ya kampuni ya Brooks, B17 au Team Pro, kwa baiskeli ya mbio, safari za kilomita 200 na kuendelea. Kabla ya jina la siti, jua kwanza upana wa mifupa yako ya makalio. Weka kipande cha boksi juu ya ngazi, kikalie huku umeinama kidogo mbele, kisha pima kati ya alama mbili zilizobonyea. Ongeza milimita 20 hivi, upate upana wa siti unaokufaa. B17 ina upana wa takriban milimita 175, Team Pro 160. Kama usukani wako uko karibu usawa wa siti, chukua B17 bila wasiwasi. Ukiendesha umeinama sana, pua na mabega ya B17 yatakukwaruza mapaja, hapo Team Pro inafaa zaidi.

Ngozi mpya ni ngumu kweli, vumilia. Ipake nta yake kidogo, usiiloweshe mafuta ya kupikia, italegea. Bolti iliyo chini ya pua usiiguse mapema. Ngozi ikianza kubonyea katikati, kaza robo mzunguko tu. Na mvua ikinyesha ifunike: ukikalia ngozi iliyolowa inaharibika umbo haraka sana.